Wadudu Waliojifunza Upole

Ndugu zangu, wengi wetu hapa ni wakulima. Basi leo sikilizeni habari za mkulima wa namna nyingine.

Palikuwa na bwana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuotesha wadudu. Msicheke. Shamba lake lilikuwa visahani vya plastiki, vyenye chakula kilichoganda kama uji wa jana, katika maabara ya hospitali. Mgonjwa akikohoa, makohozi yake yanapakwa kwenye kisahani, kisahani kinawekwa penye joto, na kesho yake wale wadudu wa maradhi tunaowaita bakteria wameota madoa unayoweza kuyaona kwa macho. Bwana huyu anachagua doa moja, analijaribia dawa, kisha anamwambia daktari: hii inaua, hii haiui.

Doa moja. Likumbukeni hilo.

Mke wake aliugua kifua kikuu alipokuwa msichana. Alipona, lakini pafu lilibaki na makovu, na miaka mingi baadaye bakteria wa aina nyingine wakahamia ndani ya makovu hayo. Siku za kwanza walimwangusha kwa homa na kohozi la kijani. Akapewa dawa, akainuka. Homa ile haikurudi tena kwa nguvu. Kilichobaki ni kikohozi tu, na pumzi iliyopungua kidogo kidogo, mpaka ikawa akipanda ngazi za kanisa anasimama katikati, akijifanya anamsalimia mtu.

Kila asubuhi mumewe alimlaza kifudifudi, mito chini ya kiuno, kichwa kimeinama nje ya kitanda, akampiga mgongoni kwa kiganja alichokikunja kama mtu anayeteka maji ya kunywa, ili ute ulegee utoke. Ndivyo walivyofundishwa hospitalini. Mazungumzo yao mengi yalifanyika hapo.

"Mbona dawa zinakubali kwenye visahani vyako, zikifika kwangu zinakataa?" mke aliuliza asubuhi moja. "Au mbishi ni mimi?"

"Mbishi ni wewe, lakini si kwa dawa," mumewe akajibu, huku akiendelea kupiga.

Swali lile halikumwacha. Katika friza ya maabara walikuwapo bado bakteria waliotoka kifuani mwa mkewe mwaka ule wa kwanza. Akawaotesha upya, na kando yao akaotesha makohozi mapya. Wale wa zamani wakaota kama alivyowazoea, kijani, wametapakaa kisahani kizima, na kwenye hadubini wakaonekana wanaogelea kwa mikia yao. Na kisahani cha pili? Yalikuwapo madoa machache ya kijani kama yale. Lakini katikati yake palikuwa na vitone vinavyoteleza kama bamia, na vingine vidogo sana, vilivyochelewa kuota. Vitone vya namna hiyo alikuwa akivipita siku zote. Aliviona uchafu, kwa sababu mkono wake ulizoea kuchagua doa linalofanana na picha ya kitabuni.

Safari hii akavichukua. Hawakuogelea hao. Mikia walikuwa wameshaipoteza, na sumu nyingi walizokuja nazo wameacha kuzitengeneza. Walikua polepole, wamejifunika ute. Akadhani ni wageni waliohamia baadaye. Akapeleka sampuli kwenye maabara kubwa wawalinganishe, na jibu likarudi: ukoo ni ule ule. Hawa ni vizazi vya wale wa kwanza. Na dawa zilizowaua wahenga wao, wao hawakuzijali.

Sasa niwaulize. Kwa nini kiumbe aache silaha zake mwenyewe? Fikirini. Anayekuja kuvamia nyumba anahitaji panga. Lakini aliyekusudia kuishi humo miaka, panga la nini? Litaamsha wenyeji bure. Mkia ule ndio askari wa mwili walioutambua. Aliyeukata akasahaulika.

Kesho yake asubuhi bwana yule alimsimulia mkewe, kwa furaha ya mtu aliyevumbua kitu, mpaka mkono ukasahau kazi.

"Piga, Baba Anaeli, nakusikiliza," mke akamkumbusha. Kisha akacheka hadi akakohoa. Alipopata pumzi akasema, "Hao mbona nawajua."

"Unawajulia wapi?"

"Ni wewe na mdogo wako."

Mkono ukabaki hewani. Ndugu zangu, baba yao alipofariki, mdogo alimzika mjini kabla kaka hajafika kutoka safari. Kaka alitaka mzee alale kihambani, kwenye migomba ya ukoo. Wakatukanana makaburini hadi watu wakawashika. Lakini miaka ilipita na kelele zikaisha. Zilibaki salamu za sikukuu, na harusini walikaa meza moja wakipitishiana soda. Ila hakuna aliyewahi kukanyaga tena kwa mwenzake.

"Sisi hatugombani," mume akasema. "Yalishakwisha."

"Hayajaisha, yamekatika mkia. Mngekuwa mnagombana ningewapatanisha. Huu ute wenu wa 'wasalimie nyumbani' nitaupenya na nini?" Akapumzika kidogo. "Ya kifuani kwangu huenda yasitoke, usinidanganye. Lakini nataka kumwona shemeji sebuleni kwangu wakati bado nina sauti ya kumkaribisha."

Jumamosi bwana akaenda. Mdogo wake akampokea kwa adabu zote. "Karibu kaka, kaa hapa kwenye kiti kizuri. Chai au maji?" Wakanywa chai. Wakaongea habari za mvua. Alipotaka kuaga, akakumbuka kichwa cha mkewe kilivyoinama nje ya kitanda. Akaweka kikombe chini.

"Kwa nini ulimzika baba kabla sijafika?"

Adabu yote ikaruka. "Wewe ulikuwa wapi? Nimemgeuza kitandani peke yangu, nimemsafisha peke yangu! Nakupigia hupokei! Halafu unakuja kunitukana mbele ya watu?"

"Ungenisubiri!"

"Nilikusubiri! Yeye ndiye aliyeshindwa kukusubiri!"

Walifokeana mpaka majirani wakatoka. Kaka akasema mkewe anamwita, wakaondoka, wakafokeana njia nzima. Waliingia uani kwa mgonjwa wakifokeana bado, machozi yakiwatoka wote wawili. Dada aliyekuwa akimuuguza akataka kukimbia kuwatenganisha. Mgonjwa akamshika mkono.

"Waache. Sasa dawa itaingia."

Kisha akaita kwa sauti yake mwenyewe, "Karibu, shemeji!"

Madaktari walibadilisha dawa, zikamsaidia msimu mmoja. Hakupona. Siku alipopelekwa kihambani, waliotangulia mbele ya jeneza, bega kwa bega, walikuwa ndugu wale wawili.

Sasa ni sisi. Tunapotubu, tunachagua doa gani? Tunasema: Bwana, sijapiga mtu, sijatukana mtu. Ni kweli, dhambi ile ya kijani haipo. Je, ile ndogo iliyochelewa kuota? Ile iliyopoteza mkia, ikajifunza kusema "asante" na "ubarikiwe"? Tunaiombea dawa ya mwaka ule ilipoingia, kisha tunashangaa mbona pumzi inapungua.

Punde tutapeana mkono wa amani. Msikimbilie aliye jirani. Kama humu yumo mtu ambaye huwa unampa mkono kwa upole uliozidi kiasi, anza na huyo. Na zikitokea kelele kanisani leo, wazee wa kanisa, nawaomba msiwazuie.