Mwalimu, Mimi Naona Giza

Biblia zenu ziacheni mapajani kwanza, tutazifungua baadaye. Na nyie wa kwaya mnaopanga nyimbo kwa kunong'ona, naomba mnitulizie. Nimekuja na mfano ambao wiki nzima hii umeninyima usingizi, na sitaki kubaki nao peke yangu.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kike, anafundisha sayansi shule ya msingi. Jina lake tuliache. Alikuwa mwalimu mzuri, na kinachonitisha katika mfano huu ni hicho, kwamba alikuwa mzuri. Alikuwa akiwafundisha watoto habari za seli. Mnaijua seli? Baba pale mbele ananikodolea macho! Seli, mzee wangu, ni kile kipande kidogo kabisa chenye uhai kinachojenga mmea, na kinachokujenga na wewe hapo ulipokaa. Watoto walikuwa wamezishika sehemu zake zote. Kiini kinaongoza kazi. Utando unachagua kipi kiingie na kipi kitoke. Seli ya mmea ina ukuta mgumu kwa nje, ya mnyama haina. Seli za majani zina chembe za kijani, zinapika chakula kwa mwanga wa jua; mnyama hana chembe hizo, ndiyo maana hata ukikaa juani kutwa nzima, jioni utauliza ugali uko wapi.

Haya yote waliyajua kwa kuyakariri ubaoni. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona seli. Jambo hilo likamkera mwalimu. Akahangaika, akapiga simu huku na huko, mpaka sekondari moja ya jirani ikakubali kumwazimisha hadubini, kile chombo cha kukuzia vitu ambavyo macho matupu hayavioni. Lakini wakampa sharti: saa sita mchana irudi, wenyewe wana mtihani. Basi tangu asubuhi mwalimu roho juu. Akabandua ngozi ile nyembamba ya ndani ya kitunguu, akaitandaza kwenye kipande cha glasi, akaidondoshea dawa ya rangi, akaiweka hadubini dirishani na kutazama mwenyewe. Akaziona seli zimepangana vizuri kama matofali. Akafurahi, akaita darasa.

"Pangeni mstari! Mmoja mmoja! Ukishatazama, kaa chini uchore ulichokiona. Fanyeni haraka jamani, pikipiki inakuja kuichukua!"

Mtoto wa kwanza akaishika kwa papara, akainama, akatazama, akaenda kuchora. Wa pili naye akatazama, akaenda kuchora. Wa tatu hivyo hivyo. Na walichora, ndugu zangu! Kiini pale katikati, utando, ukuta, chembe za kijani, kila kitu na jina lake. Mwalimu anapita na kalamu nyekundu, vema, vema, moyo unaanza kumtulia.

Ikafika zamu ya binti mmoja. Akainama. Akafumba jicho hili, akatazama kwa lile. Akabadilisha. Nyuma yake wameanza kusukumana.

"Umeona?" mwalimu akamuuliza.

"Bado, Mwalimu."

"Bado nini? Wenzako wote wameona."

"Mwalimu, mimi naona giza."

Darasa likaangua kicheko. Na mwalimu, kwa jinsi saa ilivyokuwa ikimkimbiza, hasira zikampanda. "Unanichezea? Nimehangaika hivi kwa ajili yenu, halafu wewe unaniletea mzaha? Chukua karatasi yako ukakae barazani. Ukiwa tayari kuona, utarudi."

Binti akatoka. Alikuwa na hamu ya kuona kuliko wote, ndiyo maana alikawia pale. Sasa amekaa barazani na karatasi nyeupe magotini, na wenzake wanapita mbio kwenda kunywa uji. Mmoja akamwambia, "We naye! Si uchore tu ile ya ubaoni? Uji utaisha."

Niwaulize, ninyi mngemwambia nini? Msinijibu. Najua mngemwambia nini.

Mwalimu akabaki darasani na karatasi zake. Vema. Vema. Mara mkono ukasita. Chembe za kijani? Kwenye ngozi ya kitunguu? Kitunguu kinanenepa udongoni, jua hakilijui, hizo chembe za kijani zimetoka wapi? Akachukua karatasi nyingine. Kijani. Nyingine. Kijani. Darasa zima lilikuwa limechora seli ya jani, ile ya ubaoni! Akainuka, akaenda dirishani, akainamia hadubini.

Giza totoro.

Chini ya hadubini kuna kioo kidogo cha kuvutia mwanga. Yule mtoto wa kwanza alipoikamata kwa pupa, kioo kiligeuka kikaelekea ukutani. Tangu hapo hakuna aliyeona kitu. Wote walitazama giza, wakaenda kuchora seli, wakawekewa vema. Mmoja tu alisema kweli, na huyo ndiye aliyetolewa nje.

Huko nje pikipiki imeshafika, honi inalia. Mwalimu akatoa kichwa dirishani, "Kaka, nisubiri kidogo, nakuomba!" Akakigeuza kioo kwenye jua, akatazama, seli zikaonekana waziwazi. Akatoka mbio mpaka barazani.

"Mwanangu, nisamehe. Ulisema kweli. Njoo uone sasa, kabla hawajaichukua!"

Binti akasimama. Akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Kulikuwa na kiini. Kulikuwa na utando, na ukuta, na chembe za kijani.

"Nimeshaona, Mwalimu."

"Hapana mwanangu, hujaona. Hakuna aliyeona. Twende."

"Nimeona, Mwalimu. Naomba nirudi darasani."

Mwalimu akamshika mkono, binti akauvuta. Akambembeleza, binti akainamisha kichwa na kurudia lile lile, nimeona. Honi ikalia tena. Hadubini ikafungwa kwenye boksi, ikaondoka.

Inaniuma sana hii. Asubuhi chombo kilikuwa gizani na mtoto alitaka kuona. Saa sita chombo kina mwanga, mtoto hataki tena.

Na ninawaona, kila mtu hapa ameshajiweka upande wa binti. Hapana. Msijipendelee. Sisi ndio wenye kalamu nyekundu. Kijana alikuja kwenye kikundi chetu cha maombi akasema, mimi naomba lakini sisikii kitu. Tulimjibuje? Imani yako ndogo, mbona wenzako wanasikia? Wiki iliyofuata akasimama hapa mbele akatoa ushuhuda mtamu, mkapiga vigelegele, na mimi nikasema amina. Nani alimuuliza ameona nini hasa? Mama amefiwa na mwanawe, anasema, namtafuta Mungu simwoni. Tunamnyamazisha kwa pambio. Akijifunza kuimba huku analia kwa ndani, tunasema ameshinda! Amemshinda nani? Na watoto wenu nyumbani, mmoja akisema baba, hapa sielewi, unamtolea macho mpaka aelewe kwa lazima.

Tumejaza kanisa watu wanaojua majibu. Mimi sijui tena ni nani humu ndani anaona na nani anachora, na hilo ndilo linaloniamsha usiku. Kwa sababu Mungu, siku akiamua kumwonyesha mtu kitu waziwazi, ataambiwa kwa adabu, asante Bwana, nimeshaona.

Hapana, mzee wa zamu, usiinuke. Wimbo bado. Ushuhuda wa leo nimeuondoa kwenye ratiba, walioandaliwa mtanisamehe. Namtaka mtu mmoja asimame atuambie kwamba hajaona. Hatutamcheka, hatutamwombea kwa sauti ya juu, wala hatutamtoa nje. Nitashuka hapa nikae naye.

Nangoja.