Pimbi, Kiboko na Paneli ya Sola

Hapo zamani za kale, bibi yenu nilipokuwa sijaota hata jino, sembuse kulipoteza, Pimbi aliishi na mkewe Mwanate juu ya jabali. Pimbi ni yule mnyama mdogo asiye na mkia. Usicheke, na wewe huna.

"Koho! Koho!" Kila koroboi ilipowashwa, Mwanate alikohoa. Moshi ulikuwa umemkaa kifuani. Pimbi hakujua maneno matamu. Alihamisha tu koroboi kona hii, kona ile, akapepea moshi kwa ungo.

"Tuchukue sola ya Kiboko," akasema. Kiboko ndiye aliyeuza na kukodisha paneli.

"Kununua ni madebe kumi ya ulezi. Tunayo manne. Tukiyatoa tutatafuna jabali?"

"Kukodi ni debe moja kwa mwezi."

"Mpaka lini?"

"Ndilo linaloniuma kichwa."

Kweli, maana jirani yao Mama Nyati alikuwa amekodi miaka mitatu, analipa, na paneli bado ya Kiboko. Mwezi mmoja alichelewa. Kiboko akaja, kwacha! akang'oa nyaya mpaka alipolipwa. Pembe zote zile, Mama Nyati akabaki kulia tu.

Pimbi akawaza siku mbili, kisha akamwita Kiboko. Kiboko akapanda jabali, hff! hff! paneli mgongoni. Mama Nyati akaja kuwa shahidi.

"Nakodi," Pimbi akasema. "Ila nieleze polepole, bwana mkubwa, kichwa changu kidogo. Nikilipa mwaka, paneli ni yangu?"

"Thubutu! Yangu."

"Nikilipa miaka kumi?"

"Yangu! Kioo changu, nyaya zangu, hata vumbi lake langu!"

"Nikichoka, nirudishe?"

"Hakuna kurudisha! Miaka kumi haing'oki hapa, si kwa mkono wako wala wangu."

"Mama Nyati, umesikia?"

"Nimesikia, baba. Na mimi aliniambia hayohayo."

Wakatia dole gumba. Jioni taa ikawaka, pwaa! Mwezi mzima Mwanate alilala kimya kama mtoto aliyeshiba.

Mwezi ulipoisha, Kiboko akaja na debe lake tupu, Mama Nyati akiwa papo hapo amekuja kuomba chumvi. Pimbi akalijaza ulezi bila kunung'unika. Kisha naye akatoa debe lake tupu.

"Sasa kodi yangu."

"Kodi gani?"

"Ya jabali. Kitu chako kimekaa kwangu mwezi mzima. Debe moja."

"Una wazimu!"

"Mama Nyati, Tumbili ana kibanda uwanjani kwako. Halipi?"

"Analipa!"

"Na wewe bwana mkubwa, wanaoanika mpunga ukingoni kwako, unawaachia bure?"

"Hao... hao wanalipa, lakini..."

Mama Nyati alikuwa anahesabu kwa kwato. Ghafla, kwatu! kwatu! "Kiboko! Na paa langu? Miaka mitatu!"

"Naing'oa yangu!" Kiboko akafoka, akanyoosha mkono kwenye nyaya.

Pimbi akasimama mbele yake. Huyo Kiboko angempuliza tu, angeanguka bondeni, na Mwanate angerudi kwenye moshi. Miguu ilimtetemeka, lakini sauti haikutetemeka. "Miaka kumi haing'oki. Ulisema mwenyewe. Shahidi huyu hapa."

Mama Nyati akainamisha pembe. Siku hiyo alizikumbuka.

Kiboko akaurudisha mkono. "Basi unataka nini?"

"Niuzie, nami niache kudai kodi ya jabali. Madebe kumi, moja kila mwezi, na hili la leo ni la kwanza. La kumi likifika, paneli yangu, jabali langu, tunasalimiana tu njiani."

"Na yangu mimi?" Mama Nyati akauliza.

"Yako uliilipa zaidi ya mara tatu, mama. Nenda kalale."

Kiboko akakubali, akateremka, hff! hff! akitukana mawe.

Mwanate akatoka na bakuli la uji. "Miguu imeacha kutetemeka?"

"Haikutetemeka."

"Nilikuwa nyuma ya mlango, baba."

Akamshikia bakuli mwenyewe, maana mikono ya Pimbi ilikuwa bado inamwaga uji. Wakakaa hivyo, bega kwa bega, mpaka uji ukaisha.

Yangu nimeyatua hapo, nanyi mkumbuke: ukikodi kitu, uliza ni cha nani na kitakuwa chako lini, na usisahau kimekaa kwa nani.