Ua la Nta la Bi Mwantumu

Mpenda ua hulinyima maji. Mlicheka mlipomsikia shangazi yenu akimwambia hivyo bwana harusi, na sasa mnaniuliza ni mapenzi gani hayo ya kunyimana maji. Sogeeni, niwaambie msemo huo ulikotoka.

Hapa Korogwe aliishi mstaafu wa reli, Mzee Kilua, na mkewe Bi Mwantumu. Sebuleni mwao, kando ya dirisha, palikuwa na chungu chenye mmea wa kutambaa. Majani yake yalikuwa manene na maua yake yaling'aa kama nta, ndiyo maana waliuita ua la nta. Bi Mwantumu aliachiwa ua hilo na marehemu mama yake, wala hakuwa na kumbukumbu nyingine. Lilikua taratibu mno. Mwaka mzima likitoa majani manne, basi limejitahidi.

Binti yao wa pekee, Zuhura, akajifungua huko Moshi. Bi Mwantumu akaenda kumsaidia kwa miezi minne.

"Baba Zuhura, nakuachia ua la mama," alisema mlangoni. Hakuongeza neno, maana alikuwa anachelewa treni.

Kilua hakuwahi kutunza hata mchicha, lakini alimpenda mkewe. Akalimwagilia asubuhi, akalimwagilia jioni. Akalihamishia kwenye ndoo kubwa ili lijinafasi. Wiki ya tatu majani yakaanza kugeuka manjano. Akadhani ni kiu, akazidisha maji. Majani yakadondoka, shina likalegea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Siku hiyo mzee wa watu hakula.

Akamwita jirani yake, Bi Siwatu, muuza miche sokoni. Yule mama akatia kidole kwenye udongo, akakinusa.

"Unalimwagilia mara ngapi?"

"Mara mbili kwa siku. Jua likiwa kali, tatu."

"Lahaula! Kaka, ua hili huweka akiba ya maji majanini mwake. Mizizi imeoza hii."

"Lakini nalipenda, dada. Sijalisahau hata siku moja!"

"Ndiyo maana linakufa. Kama unalipenda, linyime maji."

Wakalichimbua. Mizizi yote ilikuwa myeusi. Katika mmea mzima walipata kipande kimoja tu kilicho hai, urefu wa kiganja, chenye majani mawili. Bi Siwatu akakipanda kwenye kopo dogo la mchanga na vipande vya mkaa, akaagiza kisipewe maji mpaka udongo ukauke kabisa.

Hapo ndipo Kilua alipoiona kazi. Kila asubuhi alijaza kikombe maji, akagusa udongo, kisha akayanywa mwenyewe. Mwezi ukapita, kimya. Mwezi wa pili likachomoza jani dogo jekundu, akaenda kumwita Bi Siwatu mbio, kandambili mguu mmoja.

Bi Mwantumu alirudi kabla ya siku zake. Kilua akamwonyesha kopo na kumweleza yote bila kuficha. Mkewe aliligusa lile jani kwa muda mrefu. Machozi yakamtoka, kisha, kwa mshangao wa Kilua, akacheka.

"Unajua kwa nini nimerudi mapema? Mjukuu wako akilia, mimi huyo nishambeba. Kumwogesha mimi, kumlaza mimi. Juzi Zuhura kaniambia, 'Mama, nakupenda, ila niachie mwanangu nami nijifunze.' Nimenuna njia nzima."

"Kumbe wote wawili tulikuwa tunamwagilia," alisema Kilua.

Kesho yake Bi Mwantumu akamwandikia bintiye barua fupi: "Mlee mwanao, mama, nami ukiniita nitakuja. Mpenda ua hulinyima maji." Zuhura akawasomea majirani zake, nao wakawaambia wengine, hata msemo ukarudi huku Korogwe kabla kopo halijatoa jani la nne.

Basi shangazi yenu hakumfundisha bwana harusi uchoyo. Alimwona anamlisha bibi harusi tonge baada ya tonge, hata mwenzake hapati nafasi ya kutafuna, ndipo akamwambia: mpenda ua hulinyima maji.