Beberu Mzee na Kibuyu cha Mbege

Wewe, ondoa hicho kicheko mdomoni. Eti mbege haipikiwi nyama! Wewe umewahi kupika nini kikasifiwa? Nyamaza usikie.

Hapo zamani, huko Uchagani, palikuwa na mjane, Aikande. Mbege yake, pombe ile ya ndizi na ulezi, haikuwa na mfano. Lakini zizi lake lilikuwa tupu, na wanawe walijua maziwa kwa kuyachungulia kwa jirani.

Siku moja shemeji yake akawa anaoza mwana. Aikande akaleta mtungi wa mbege. Na desturi ni hii: mkubwa wa ukoo ndiye humeza nyama ya kwanza. Asipomeza, bibi arusi hurudi kwao. Mkubwa mwenyewe, Mzee Makupa, hana jino hata la kusingizia. Na shemeji, bahili yule, akachinja beberu aliyemzidi mzee kwa uzee!

Nyama ikachemka, ikachemka, bado ngumu kama ngozi ya ngoma.

Wifi yake Aikande, Ndeshi, koo lisilojua haya, akaiba kibuyu cha mbege mtungini. Mara, nyayo! Atakificha wapi? Akaimimina yote kwenye chungu cha nyama, akasimama kama kondoo.

Harufu ikamsema. Wanawake wakapiga kelele: "Mwageni! Aibu gani hii?"

"Amwage nani?" akafoka Shose, mama wa bwana arusi. "Chungu changu hiki!" Akachochea moto, akakoroga mpaka ukali ukaisha, mchuzi ukawa mzito wa kahawia. Akaonja yeye kwanza, wenzake wakisubiri aanguke.

Mzee akameza. Akameza tena. Akalamba mpaka kiwiko. "Aliyelainisha nyama hii apewe mtamba wangu wa ng'ombe!"

"Mbege ni yangu," akasema Aikande. "Bila mtungi wangu bibi arusi angekuwa njiani."

"Wewe wifi, uliipika inywewe," akadakia Ndeshi. "Iliingia chunguni kwa mkono upi? Huu!"

"Mkono wa mwizi!" akasema Shose. "Nyote mlitaka kumwaga. Nani aliumwa macho na moshi?"

Wakamgeukia mzee. Mzee akanyoosha bakuli: "Hakuna mchuzi tena?"

Aikande akamtazama. Akaunyanyua mtungi wake, na mbege ya wageni bado imo. "Haya, arusi njema. Wageni wanywe maji." Akatoka, akabamiza mlango.

Basi wewe mcheka ovyo, yule mtamba, nani alistahili?