Mafiga ya Kabula

Ukinusa saumu usiyoimenya, toka jikoni. Mmeisikia kwa mama yenu mkacheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na anayebisha akamuulize mwingine aliyekuwapo, kama atampata.

Kule machimbo ya Nyamalulu, mke akihamia nyumba mpya, mumewe humtolea mafiga shimoni mwake, ili bahati iizoee nyumba. Lushinge alimletea Kabula mawe meupe yanayong'aa kama fedha, mazito hata punda aliyeyabeba akawa anatembea kwa magoti. Aliamini yana dhahabu ndani.

Moto ulipokolea, harufu ya kitunguu saumu ikatanda mtaa mzima. Majirani wakapita na visahani, kila mmoja na kisingizio chake. Mama mkwe, Mbuke, naye akafika, akaandaliwa ugali na mlenda. Akanuna. Akasema mkwewe amepika mapochopocho akayaficha. Kabula akaapa hana saumu, hata harufu yenyewe inamuumiza kichwa na tumbo linamchoma. Mbuke akaona ni visingizio tu, mpaka kuku waliodonoa unga mweupe ulioganda kwenye mafiga walipoanza kupepesuka na kuanguka.

Akafunua kila chungu. Hamna kitu. Akainama mekoni, akanusa. Harufu ilitoka kwenye jiwe lenyewe.

"Mwanangu, mtoto yuko wapi?"

"Mgongoni, mama. Amelala."

"Tangu saa ngapi?"

Kabula akapapasa mgongoni. Mbuke akafungua mbeleko, kichwa cha mtoto kikaning'inia. Akatoka naye mbio kuelekea upepo unakotokea, Kabula nyuma yake akitapika.

Lushinge aliporudi aliwakuta uwanjani, moshi ukifuka nyumbani. Akataka kuingia kuyaokoa mawe yake.

"Mama, yale yana dhahabu."

"Basi yakuzalie mtoto mwingine."

Lushinge akaketi. Wakamtazama mtoto kifuani, mara anapumua, mara kama hapumui. Jua lilipoinama ndipo alipopiga chafya, akalia, kilio kikasikika ng'ambo ya ziwa.

Moto ulipopoa, mafiga yakafukiwa mbali na kisima, sumu yake isifike majini. Tangu siku ile wanawake wa Nyamalulu humenyea saumu mlangoni, kila mtu aone. Na mgeni akinusa harufu, huuliza kwanza ni nani aliyemenya. Wakibaki kutazamana, hakuna anayengoja chakula.

Ukinusa saumu usiyoimenya, toka jikoni.