Mngurumo wa Gredi ya Tatu

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Anayewamba ngoma huketi upande mmoja wa mzinga, na mikono yake haina pa kuvutia ila kifuani pake. Wengi huitumia methali hii kumsuta mlafi anayejua fika kwamba ni mlafi. Huyo hana haja nayo, kwa maana dhamiri yake inamtosha. Anayeihitaji ni mtu kama Mwirigi, ambaye alivuta ngozi muhula mzima huku akiapa kwamba mikono yake imo mfukoni.

Mwirigi alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha ualimu mjini Nyeri. Kwao kulikuwa Meru, katika familia ya wakulima wacha Mungu ambao hawakukosa kanisani hata mvua inyeshe vipi. Mungu alikuwa amemjalia sauti ya besi nzito, nayo ilimpa heshima kubwa kuliko umri wake. Alipogombea uenyekiti wa Chama cha Walimu Watarajiwa wa Muziki, wenzake walimpigia kura kwa wingi kwa sababu alikuwa mpole, mchapakazi na mtu asiyependa makuu. Siku aliyoshika hatamu aliahidi kwamba hatapendelea mtu, kabila wala sauti. Aliahidi kwa moyo mweupe kabisa, na hapo ndipo ulipo ugumu wa kisa hiki.

Chama hicho hakikuwa na mali. Kitu chake cha pekee cha thamani kilikuwa kipindi kimoja cha Ijumaa katika shule ya msingi huko Tetu, kati ya mashamba ya chai na kahawa. Wanachama walikwenda huko kuwafundisha gredi ya tatu kuimba, na humo darasani wakauonja ualimu kabla ya wenzao wa masomo mengine. Mwalimu mkuu, mama mnyoofu aliyeitwa Madam Tabby, aliwapokea muhula ulipoanza na kuwaeleza mambo bila kupepesa macho. Wazazi walikuwa wakimuuliza kuimba kunaleta faida gani. Siku ya wazazi, watoto waimbe wimbo mmoja vizuri. Wakishindwa, kipindi kitarudi kwa Hisabati. Mwirigi alikubali , maana alijua kwamba chama cha walimu kisicho na wa kufundisha ni jina tu.

Wimbo aliuchagua yeye. Ulikuwa wimbo wa Kimeru wa kuvuna mtama, ambao nyanya yake alikuwa akiuimba shambani. Katibu wa chama, Theuri, kijana wa papo hapo Tetu, aliuliza kama haingefaa kutafuta wimbo ambao watoto wanayaelewa maneno yake. Mwirigi alimjibu kwa upole kwamba huu ni mwepesi sana. Ulikuwa mwepesi kweli, kwake yeye. Mikutano ya chama nayo aliiweka Jumanne jioni, saa ambayo yeye hakuwa na somo na Theuri alikuwa nalo. Kila uamuzi ulikuwa na sababu nzuri, na kila sababu nzuri iliishia mlangoni pa mwenyekiti.

Ijumaa ya kwanza Mwirigi alisimama mbele ya darasa, akasafisha koo, akauanzisha wimbo pale koo lake lilipopenda. Watoto wakamfuata. Kilichotoka hakikuwa wimbo. Kilikuwa mngurumo, kama wa ng'ombe wa maziwa waliocheleweshewa majani. Wengi walishuka hadi sauti zikakatika, wakabaki wakifungua midomo mitupu. Wachache waliruka juu, wakaogopa upweke wa huko, wakanyamaza. Waliosalia waliacha kuimba wakawa wanayasema maneno tu, tena kwa Kimeru wasichokielewa.

Mwirigi alishangaa. Aliimba tena kwa nguvu zaidi ili wamsikie vizuri, na mngurumo ukazidi. Alikuna kichwa. Akasema moyoni kwamba ni baridi, kwa kuwa asubuhi hiyo ukungu wa milima ya Nyandarua ulikuwa umeshuka hadi madirishani. Ijumaa iliyofuata jua likawaka, na watoto wakanguruma juani. Akaona labda hawajui kupumua. Akawalaza chali sakafuni, kila mmoja na kitabu juu ya tumbo, akawafundisha kuvuta pumzi hadi kitabu kiinuke. Walijifunza haraka, wakapumua kama mabingwa, na walipoinuka wakanguruma kwa pumzi ndefu kuliko zamani.

Msomaji atauliza kama chuoni hakufundishwa. Alifundishwa. Katika mtihani alikuwa ameandika, tena kwa mwandiko wa kupendeza, kwamba sauti ya mtoto hukaa juu ya ile ya mwanamume, na kwamba mwalimu mwanamume sharti ajihadhari anapoanzisha wimbo. Lakini kulijua jambo ni tofauti na kulisikia likitoka kinywani mwako. Kila mara alipofungua mdomo, wimbo ulikaa kwake barabara kama kofia kichwani mwa mwenyewe. Angejuaje kwamba unawabana wengine?

Jambo lililomvuruga zaidi lilitokea katikati ya muhula. Alikuwa amechelewa kidogo, na alipofika langoni alisikia watoto wakiimba uwanjani. Ulikuwa wimbo wake uleule, na ulikuwa unaruka, mwepesi na mtamu. Maneno hakuyashika kwa sababu ya umbali. Alikimbia kwa furaha, akawaingiza darasani, akauanzisha. Mngurumo. Aliketi kwenye kiti cha mwalimu akashika tama, asijue kama amerogwa ama amechoka.

Naibu wake aliitwa Rowda, msichana wa Nanyuki ambaye baba yake alinunua mbuzi na kondoo huko Doldol na kuwauza mjini. Rowda alikuwa na sauti nyembamba ya juu, safi kama kioo, na ulimi usiojua kupinda kona. Siku hiyo alimwambia mwenyekiti kwamba anauanzisha wimbo chini mno. Mwirigi alimjibu kwamba wimbo huo huanzia hapo tangu enzi za nyanya yake. Hakukumbuka kwamba nyanya yake alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kike, na kwamba ni yeye aliyeushusha wimbo huo hadi shimoni alikoishi.

Tangu hapo shaka ikaanza kumtafuna. Kama watoto wanaimba vizuri akiwa hayupo, na vibaya akiwapo, basi kuna mtu anayewafundisha kumwaibisha. Alimtazama Rowda kwa jicho la pembeni. Jumanne jioni aliitisha mkutano, nao ukawa sokomoko. Wenye sauti nzito walisema kwamba mwenyekiti anahujumiwa. Wenye sauti nyembamba walisema kwamba naibu anaonewa. Theuri, ambaye alikuwa ameliacha somo lake ili ahudhurie, na ambaye sauti yake ilikuwa ya katikati, alimkubali kila aliyesema, hata wawili waliopingana papo kwa papo. Mkutano ulivunjika bila mtu kujua ni nini kilichoamuliwa, na Mwirigi akarudi chumbani na huzuni ya kweli. Aliwapenda watoto wale. Hakuelewa kwa nini kumpenda mtu hakutoshi.

Siku ya wazazi ikafika, na kipindi kikawa kinaning'inia kwa uzi. Asubuhi, kabla ya wageni kuketi, Mwirigi aliwapitisha watoto katika wimbo mara ya mwisho. Madam Tabby alisimama mlangoni akasikiliza hadi mwisho.

"Mimi sijui mambo ya muziki," akasema, "lakini hao watoto wananguruma. Mzazi akisikia hivyo ataniuliza kwa nini sikuwapatia Hisabati, na mimi sitakuwa na jibu."

Alipoondoka, Rowda alisogea mbele. Hakugombana. Alimwomba mwenyekiti aimbe wimbo huo peke yake, lakini auanzie mahali atakapompa yeye. Akatoa sauti moja ya juu, nyembamba na thabiti. Mwirigi akajaribu. Mstari wa kwanza aliupanda kwa taabu, na kwenye wa pili sauti ikamkatika, ikatoka kama ya jogoo mchanga. Watoto waliangua kicheko.

"Hiyo ni juu sana," Mwirigi akasema, uso ukimwaka.

"Ni juu kwako," Rowda akamjibu. "Sasa umesikia vile hao husikia ukiwaweka chini, Chairman?"

Kitu kilianza kumpambazukia Mwirigi, ingawa bado kilikuwa na ukungu. Alimeza fahari yake na kumwambia Rowda kwamba, wageni wakiketi, yeye ndiye atakayeuanzisha wimbo. Lilikuwa jambo gumu, na alilifanya kwa ajili ya kipindi.

Wazazi waliketi kwenye viti vya plastiki chini ya hema. Hotuba zikaenda, zikaja, na hatimaye gredi ya tatu ikaitwa. Mwirigi aliinua mikono. Rowda, ambaye alikuwa ameingojea saa hiyo muhula mzima, aliuanzisha wimbo kwa sauti yake yote nzuri, pale ilipong'aa kuliko popote. Wazazi waligeuza shingo kumtazama. Watoto wakamfuata kwa bidii. Mstari wa kwanza ulipita. Wa pili ukapanda, na watoto wakapanda nao, shingo zikiwatoka mishipa. Wa tatu ulipopanda zaidi, mmoja akapiga yowe, mwingine akakohoa, na darasa zima likavunjika kama kuni kavu. Mzazi mmoja alipiga makofi kwa huruma, akaona yuko peke yake, akaacha.

Rowda alisimama mdomo wazi. Kwake wimbo ulikuwa umekaa sawasawa. Mwirigi aliona mshangao ule usoni mwake, akautambua, kwa sababu alikuwa ameuvaa yeye mwenyewe kwa miezi. Kwanza alifurahi kidogo, na furaha hiyo ikamtia aibu. Kisha hofu ikamjaa, maana pembeni Madam Tabby alikuwa tayari ameinuka kumwita mgeni aliyefuata.

Mwirigi alishusha mikono. Akachuchumaa mbele ya watoto hadi macho yao yakawa sawa na yake.

"Anzeni nyinyi," akawaambia polepole. "Mahali mnapenda. Sisi tutanyamaza."

Walitazamana. Kisha, kutoka mahali fulani katikati yao, wimbo ukaanza. Haukuanzia shimoni kwa Mwirigi wala kileleni kwa Rowda. Ulianzia pale watoto walipozoea kuuanzia uwanjani, na darasa lote likauingia kama linaloingia nyumbani. Mtama haukuwamo. Maneno yalikuwa ya Kikuyu, yao wenyewe, kuhusu ng'ombe wa Tetu aliyepiga ndoo teke, maziwa yote yakamwagika, na baba wa nyumbani akanywa chai ya rangi amenuna. Wazazi walicheka hadi wakashikana mabega. Akina mama wakaanza kupiga makofi ya kufuatia, na mstari uliporudiwa, hema zima likauitikia.

Mwirigi alijaribu kuimba nao kimoyomoyo. Ulikuwa juu kwake. Rowda alijaribu pia, na kwake ulikuwa chini mno, sauti yake ikazama isisikike. Wakabaki wawili hao mbele ya umati, kimya, kama watu waliofika arusini bila kualikwa. Mwirigi aliumia kidogo kuona mavuno ya nyanya yake yamegeuzwa ndoo ya maziwa. Lakini alisikia pia kwamba hakuna hata mtoto mmoja aliyekuwa akinguruma.

Sherehe ilipoisha, Madam Tabby aliwajia.

"Kipindi kitabaki," akasema. "Hao watoto wamekipata wenyewe. Lakini nyinyi mkikuja Ijumaa, kaeni nyuma kwanza, muwasikize."

Walishuka hadi barabarani. Rowda ndiye aliyetangulia kusema.

"Mimi nilikuwa nimejua shida ni wewe."

"Na mimi nikajua ni wewe," Mwirigi akajibu. Walicheka kicheko kifupi kisicho na raha nyingi, na kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze hawakuogopana. Mwirigi alimwambia kwamba mikutano ya Jumanne ataiondoa, kwa kuwa ilikuwa inamfaa yeye peke yake. Rowda akasema kwamba naye, wakirudi chuoni, atamwomba mwalimu wa sauti amfundishe tena namna ya kuwaanzishia watoto.

Mara Theuri akaja mbio nyuma yao, uso wote tabasamu. Alikuwa amekwisha kuutatua mkanganyo wote. Akawaeleza, huku akihema, kwamba shida haikuwa juu wala chini hata siku moja. Shida ilikuwa maneno. Ati wameona wenyewe jinsi Kikuyu kilivyookoa siku, kwa hivyo kuanzia muhula ujao nyimbo zote za chama zitoke Tetu. Yeye mwenyewe alikuwa na kadhaa nzuri alizofundishwa na mama yake, na hata uenyekiti, kama wanachama wangependa, hangeukataa.

Rowda alimtazama Mwirigi. Mwirigi alimtazama Theuri, kijana mwema aliyesema kwa moyo mweupe kabisa. Ama kweli, mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.