Birika la Mzee Shali

Vyombo vya marehemu Mzee Shali vilipotandazwa uani kwa mjane wake viuzwe, Bwana Feruzi, tajiri mwenye nusu ya nyumba za mtaa, alifika wa kwanza. Alishika hiki, akabeza kile, na punde birika la shaba likatoweka. Mwanakombo, jirani wa mjane, aliliona koti la Feruzi limevimba ubavuni, lakini nani ampekue mwenye nyumba wake?

"Mbona mnanikodolea macho?" Feruzi alifoka. "Wapangaji wangu mnaniona mwizi?"

"Hasha, bwana," Mwanakombo alisema kwa upole. "Tunamhurumia aliyelichukua. Birika lile ndilo walilomwoshea maiti, na bado halijasuuzwa. Jamani, asilibane mwilini."

Feruzi aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Birika likaanguka miguuni pake kwa kishindo, naye akawa anajipangusa ubavu kwa mikono miwili.

Mwanakombo aliliokota, akalifuta kwa kanga yake, akalirudisha mkekani.

"Mzee Shali alifia Maskati, akaoshwa na kuzikwa hukohuko," alisema. "Ungekuja matangani ungejua. Lakini wewe msiba wetu umeuona leo, vyombo vilipotolewa nje."